Pemba Aliyonyimwa Joëlle

Marceline alimpokonya Joëlle kipande cha pemba, udongo mweupe wa kutafuna, mbele ya wateja watatu, akakirudisha kwenye beseni.

"Ya kwako hakuna," alisema.

Joëlle alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, mimba ya Germain, mtoto wa pekee wa Marceline. Waliishi nyumba moja, na kila asubuhi mkwe na mama mkwe walipanga meza yao sokoni Likasi. Mafundi walinunua unga wa ule udongo mweupe kwa kupaka kuta. Wanawake wenye mimba walinunua mabonge yaliyokandwa kwa chumvi na kukaushwa juani, wakayatafuna palepale.

Kila mtu alipata. Providence, jirani yao mwenye mimba ya miezi saba, aliongezewa na kipande cha bure. "Kula, mutoto yangu," Marceline alimwambia.

Joëlle peke yake alinyimwa. Mate yalimjaa kinywani kutwa nzima, akiwauzia wenzake kile alichokitamani.

"Mama yako ananichukia," alimwambia Germain. "Alitaka uoe mtu wa kwao."

"Mama iko na roho nguvu, lakini haiko mubaya. Vumilia."

Joëlle alijaribu kumwelewa. Tangu kilima walikochimba zamani kizungushiwe uzio, pemba ilichimbwa kando ya kijito kilichopita chini ya kiwanda cha shaba, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Labda mama mkwe alikionea uchungu kila kipande. Lakini mbona wengine aliwaongezea?

Tena kulikuwa na yule Jenny, muuguzi wa zahanati. Mwanzoni mwa mimba, kabla Joëlle hajaanza kuitamani pemba, alinunua mabonge matatu, akayatia kwenye bahasha, akaenda zake. Aliporudi baada ya wiki kadhaa, alinong'ona na Marceline nyuma ya meza kwa muda mrefu. Joëlle hakuwa na shaka kwamba walikuwa wakimsema yeye, maana kunyimwa kwake kulianza siku ileile.

Jumamosi moja Providence alimpenyezea nusu bonge uani. "Shika, dada. Miye sitasema."

Joëlle alijificha nyuma ya jiko, akauma. Udongo ulianza tu kuyeyuka kwenye ulimi Marceline alipotokea na ndoo ya maji.

Hakumgombeza. Alipiga magoti, akamtia vidole viwili kinywani, akakomba udongo wote. Akamsukutulisha mara tatu.

"Umemeza?"

"Kidogo, mama."

"Ulikula siku ingine?"

"Hapana. Ni leo tu."

Marceline akakaa chini kwenye tope, akalia. Joëlle hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe.

"Jenny alipimisha ile pemba," alisema mwishowe. "Maji ya sumu ya kiwanda iliingia mu udongo. Mutoto anaweza kufia mu tumbo."

Joëlle alimkumbatia. Miezi yote ile alikuwa amedhani anachukiwa. Walikaa hivyo, wakilia pamoja, mpaka Marceline alipojifuta macho, akainuka, akajitwika beseni la kupeleka sokoni.

Lilikuwa limejaa pemba.

"Mama," Joëlle aliuliza, "na Providence?"

Marceline alilisawazisha beseni kichwani.

"Mutoto wa Providence haiko mujukuu wangu."