Jina Lisilo na Kisawe

"Mtaa gani?" mwanamke wa simu ya dharura aliuliza kwa mara ya tatu.

Jina lilikuwa hapo hapo, nyuma ya meno ya aliyepiga simu, na halikutoka.

Mama yake alikuwa amelala kwenye sakafu ya jikoni, mguu mmoja umekunjika chini yake. Aliyeshika simu ni mwanawe wa pekee, mtu wa miaka hamsini na sita ambaye watu wote walimwita Kamusi. Kila wiki alitunga fumbo la maneno la gazeti, na wasomaji walimsifu kwa utajiri wa msamiati. Hawakujua kwamba utajiri ule aliupata kwa kukimbia. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi cha herufi moja tu, B. Ikikaa mwanzoni mwa neno, koo lilijifunga kama mlango uliotiwa komeo. Kwa hiyo alijifunza kuzunguka. Barua akaiita waraka. Bahati akaiita nasibu. Dukani hakuuliza bei, aliuliza "hiki mnauzaje?" Hakuwahi kumwita baba hata mzazi wake wa kiume. Alimwita mzee, mpaka akamzika.

Lakini jina la mtaa halina kisawe. Waliishi Mtaa wa Bandari.

Kosa lilikuwa lake. Asubuhi nzima alikuwa ameinamia miraba ya fumbo lake, ameegemea mkono wa kulia mpaka ukafa ganzi. Alipokwenda kunywa maji, glasi ilimponyoka ikavunjika. Mama yake alisikia, akaja mbio na miguu yake ya miaka themanini, akateleza kwenye maji yale yale.

Kamusi alijaribu kuzunguka, kama siku zote. Alitaka kusema ni nyuma ya posta. P ikagoma. Maisha yake yote P haikuwahi kumgomea. Akageukia mkabala na shule, na M nayo ikakwama, midomo ikawa kama ya kuazima. Hofu hiyo, alijiambia. Nani asingeogopa, mama yake yuko chini?

"Usiharakishe," mwanamke alisema. "Niambie tu uko wapi."

Mama yake alikuwa anamnyooshea mkono. Kamusi alidhani anataka kuinuliwa, akamwashiria asubiri, asijitikise.

"Keti, mwanangu," mama alisema. "Nipe mimi hiyo simu."

Akakataa kwa kichwa. Alimjua. Mama huyu alikuwa bingwa wa kuficha maumivu, hata angekuwa anaungua angesema ni joto tu. Sasa wala hakuwa anautazama mguu wake. Alikuwa anamtazama yeye, na machozi yanamtoka. Hilo lilimkata maini. Mtu mwenye visawe vya kila kitu, na leo anashindwa neno moja la kumwokoa mama yake.

Akafanya kitu pekee alichokijua. Aligeuza jina la mtaa kuwa fumbo, akatafuta maneno yasiyohitaji midomo, moja moja, kama mtu anayeokota mchele mchangani. Jasho lilimchuruzika kidevuni mpaka kwenye kola.

"Nanga," alisema. Akavuta pumzi. "Hutia nanga huko."

Alisikia kalamu inagongagonga meza upande wa pili.

"Bandari? Mtaa wa Bandari?"

"Ndiyo."

Namba ya nyumba ilikuwa tatu, na tatu ilitoka.

Alidhani yameisha. Lakini mwanamke yule hakukata simu. Alimtaka arudie sentensi fupi aliyomtamkia, sentensi ya kitoto kuhusu mvua. Ilimuuma. Shuleni wenzake walikuwa wakimzunguka hivyo hivyo, wakimwambia aseme baba amebeba boga, kisha wanavunjika mbavu. Lakini akaogopa kwamba akikataa gari halitakuja, akajaribu. Kilichotoka kilikuwa uji mtupu.

Mwanamke hakucheka. Aliuliza ameanza lini kuongea vile.

"Tangu utoto," alisema.

Mwanamke akasema gari limeshaondoka, mlango uachwe wazi, na kusiwe na kula wala kunywa chochote mpaka wafike. Kamusi akakisogeza kikombe cha chai mbali na mama yake. Akaenda kufungua mlango akijishikilia ukutani, maana sakafu ilikuwa bado na maji na miguu haikuwa na imani nayo. Aliporudi, aliketi kando ya mama.

Alitaka kumwambia amsamehe kwa ile glasi. Alilitafuta neno hilo kwa kila njia, akalizunguka kushoto na kulia, akakosa hata herufi ya kuanzia. Mama yake alimfuta kidevu kwa ncha ya kanga, akamshika mkono wa kulia, akaukandakanda kwa nguvu, kana kwamba anaupasha moto. Yeye hakuhisi kitu. Aliona tu vile vidole vizee vinavyohangaika, akazidi kumhurumia.

Wahudumu wawili waliingia na machela. Hakusubiri waulize, aliinua mkono wa kushoto akawaonyesha mama yake.

Wa kwanza aliivuka miguu ya yule bibi, akapiga magoti mbele ya Kamusi, akamshika mashavu kwa mikono miwili akimchunguza uso. Wa pili alikuwa ameshaisogeza redio ya mawasiliano karibu na mdomo.

"Tumefika. Ni kiharusi kweli, upande wa kulia. Ndiyo, ni huyo huyo aliyepiga simu."