Sifuri ya Ghorofa ya Nne

Chumba ambacho karani wa sensa alikiandika "hakuna mtu" kilifunguliwa na bibi mmoja mwenye gauni lililopigwa pasi.

Nyuma ya karani, msimamizi aliyekuja kuhakiki hesabu alikuwa bado anahema kwa zile ngazi. Karani mwenyewe, siku ya kuhesabu watu, jua likiwa kali, aliziangalia tu kutoka chini, akaandika sifuri, akaenda zake.

"Karibuni wanangu! Nimewangoja wiki nzima, hata sokoni sijaenda."

Mezani palikuwa na karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Bibi aliitoa, akainyoosha kwa kiganja, taratibu, kama anayepapasa shavu la mtoto mchanga.

"Nimebaki peke yangu. Mzee wangu alifariki miezi mitatu iliyopita, cheti chake cha kifo ndicho hiki. Nilisikia redioni kwamba hata waliofariki mnawauliza. Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi," alijibu msimamizi, kisha akamgeukia karani. "Hapa si uliandika hakuna mtu? Ulibisha hodi?"

Karani aliinamisha macho kwenye ile karatasi.

Bibi akamwonea huruma. "Usimgombeze, baba. Atakuwa alibisha, mimi sikusikia. Masikio yangu siku hizi, mh, ya kuazima!"

Akacheka peke yake. Karani alihisi uso unawaka moto. Alishindwa kuinua macho kutoka kwenye ile karatasi.

"Masikio yako ni mazima, bibi," alisema. "Mimi sikupanda ngazi."