Jalada la Doto

Sheria ilikuwa wazi: asiye na jalada kwenye masjala hayupo, jalada likifutwa halifunguliwi tena, na anayeishi na mtu aliyefutwa hufutwa naye. Nyamizi, mwanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu, alipewa na chuo chake mradi wa kuisaidia masjala ya wilaya kuondoa majalada yaliyojirudia. Alifuta elfu mbili, akasifiwa sana.

Alipokuwa akimalizia ripoti, jina la Kulwa likamshtua. Jalada alilolifuta kwa kufanana na lake, mama yuleyule, tarehe ileile, lilikuwa la Doto, pacha wake.

Alikwenda nyumbani kwa Kulwa siku hiyohiyo, daftari la masjala mkononi. Akawakuta vikongwe wawili wakichambua mchele kwenye ungo mmoja, barua ya kufutwa kwa Doto ikiwa kando yao. Kulwa peke yake ndiye aliyeinua macho.

"Shikamoo, bibi," Nyamizi alimwamkia.

"Marahaba," zikaitika sauti mbili.

Kulwa akamshika mwenzake mkono upesi. "Ni mimi nimeitikia mara mbili, mjukuu wangu," alisema. "Naishi peke yangu. Andika hivyo."

Nyamizi akaandika hivyo. Doto akamsogezea kigoda akae.