Mrija wa Kumi

Mirija tisa ya kioo iligeuka njano. Wa kumi ulibaki na rangi ya maji matupu.

"Pole, mwanangu," alisema mama, aliyekuja maabara kumwona bintiye. "Huo umekataa."

Binti aliuinua kwenye mwanga. Miaka minne alikuwa akitafuta dawa ya kukizuia kimeng'enya kinachokisagia chakula kijidudu cha malaria.

"Mama, kimeng'enya kikifanya kazi, maji huwa ya njano. Humu dawa imekikaba. Hakifurukuti."

Mama alifikiri kidogo. "Kwa hiyo kijidudu hakili?"

"Hakili."

"Kitalala njaa?"

"Njaa kabisa, mama."

Wakaangua kicheko, wakashikana mabega, hata profesa wa chumba cha pili akachungulia kuuliza kulikoni. Binti akamwinulia mrija wa kumi.