Kipimio cha Msibani

Siku hizi msibani hakuna anayetia tonge mdomoni kabla kipimio cha sumu hakijaonja chungu. Kikiona sumu, mpishi huvunjwa mkono palepale, na wa kuuvunja ni mtu wa nyumbani kwake.

Ambakisye, mwendesha kipimio, alikuja nacho mbiombio kutoka msiba wa ng'ambo ya mto, ambako kilikuwa kimekamata sumu. Akavuta mchuzi wa mkewe, Sekela, kwa bomba la sindano, akausukuma ndani ya mrija wa kipimio. Kwenye kioo kikachomoza kilima chekundu, alama ya sumu.

"Baba Tusa, mimi?" Sekela alilia. "Mchuzi huu nimemwonjesha mwanao!"

"Vunja!" wafiwa walifoka, wakiukandamiza mkono wake juu ya kinu.

Ambakisye aliushusha mchi. Mfupa ukalia kama ukuni mkavu.

Jioni, nyumbani, alichota maji ya kunywa akayapitisha kipimioni. Kilima kilekile kikachomoza. Ndipo alipokumbuka kwamba tangu ule msiba wa ng'ambo hakuwa ameusafisha mrija.

Alipogeuka, Sekela alikuwa mlangoni, mkono umefungwa kwa kanga. Alikitazama kioo, akakitazama kikombe cha maji. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika mchi.