Taa za Kupandia Bugarama

Waridi aliwasha taa za gari lake kuukuu la kubebea mizigo milimani, zikaangaza ukuta wa gereji kwa umanjano uleule wa zamani, ingawa fundi alikuwa ametoka kumwambia kazi imekwisha.

Alishuka, akafungua boneti na kuuvuta waya wa taa. Alikuwa ameagiza waya mnene, ili umeme usidhoofike njiani. Uliomjia mkononi ulikuwa ule mwembamba wa siku zote, umeungua, umezungushiwa utepe mpya mweusi.

"Fundi, hii ni nini?"

Fundi alimtazama mume wa Waridi, aliyekuwa ameegemea mlango.

"Bwana yako alinikataza, mama. Alisema taa zikiwa muzuri, hautatulia tena nyumbani."

Damu ilimpanda Waridi kichwani. Wiki iliyopita, katika ukungu wa barabara ya mlima wa Bugarama, alimkosakosa mwendesha baiskeli. Alimwona uso alipokuwa karibu kugusa bampa. Alirudi nyumbani akilia, na mwanamume huyuhuyu ndiye aliyempa maji ya kunywa.

"Nilikueleza yote juu ya yule mutu wa baiskeli, nikilia! Na kisha ukakuja hapa?"

"Mi nilitaka tu uache ile barabara, Waridi."

Waridi alichomoa ufunguo wa gari, akaushika mkono wa mumewe, akaubandika ufunguo kiganjani.

"Mizigo iko inangoja kule juu. Leo utaendesha we, na taa zako hizi. Mi nitakaa pembeni."

Mumewe aliinua macho kuitazama milima. Mawingu yalikwisha kuifunika barabara. Vidole vyake havikuufumbata ule ufunguo.