Fundi Aliyejenga Darasa

Kengele ya mazoezi ya tetemeko ilipolia, watoto waliingia chini ya madawati, kama ofisa wa serikali alivyowafundisha asubuhi ile.

Fundi aliyejenga darasa hilo alikuwa amesimama mlangoni na wazazi wenzake, akitazama. Ghafla alichupa ndani, akamchomoa binti yake na kukimbia naye hadi katikati ya uwanja. Kiatu kimoja cha mtoto kilibaki ndani.

Wazazi waliangua kicheko. "Fundi wee, ni mazoezi tu! Jasho la nini?"

"Baba, kwani nimekosea?" binti aliuliza.

 Fundi alikuwa akilitazama paa la zege la darasa.

Mwalimu mkuu aliacha kucheka. "Fundi, zile nondo za kushikilia zege uliziweka kweli?"

Ndani, watoto arobaini walikuwa wametulia chini ya madawati, wakisubiri kengele ya pili.